Boksi Langu Lapigwa Eksirei

Waliokuwa nami wiki iliyopita waliniacha nimesimama juu ya kiti, kidole hewani, nikijigamba mbele ya Chama cha Watunza Maboksi. Kwenye kiti nimeshashuka. Kwenye maneno yangu bado niko juu, na ngazi siioni.

Kwa aliyechelewa: sisi ni wakusanyaji wa matoleo maalumu ya gemu za video. Sizungumzii zile diski za kikasha chembamba anazonunuliwa mtoto akifaulu mtihani. Sisi ni watu wa maboksi makubwa. Ndani ya boksi mna diski, sanamu ya shujaa, ramani ya kitambaa, medali, kitabu cha michoro, na cheti cha kukuthibitishia kwamba vyote hivyo umevipata.

Na juu ya boksi kuna nailoni ya kiwandani. Hapo ndipo penyewe. Boksi ambalo nailoni yake haijachanwa, sisi tunasema li hai. Likichanwa, ni maiti. Na mwenye maiti hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo.

Ndiyo maana hakuna mwenye boksi hai aliyewahi kuona kilichomo ndani yake.

Langu ni la gemu iitwayo *Daraja la Moshi*. Sasa zikatufikia habari kwamba kiwandani walikosea, na masanamu machache ya gemu hiyo yalitoka na mikono miwili ya kushoto. Mtu wa kawaida angelirudisha dukani kwa hasira. Sisi tulikosa usingizi kwa tamaa. Kuna tatizo moja tu: ili ujue kama unalo, sharti ufungue. Na ukishafungua, huna tena.

Mimi sikuona haja ya kujua. Nilipanda kitini nikaghani:

*Langu limebeba shani,*
*kushoto mbili mwilini,*
*yenu nyote ni ya nini?*
*Yatupeni jalalani!*

Shairi ni langu mwenyewe. Darasani sikufundishwa hata ubeti mmoja. Kazi yangu ni kupaka rangi mabango ya maduka, na mizani nilijifunzia kwenye mbao, huku nikibana maneno ya watu yasidondoke ukingoni.

Mwenyekiti wetu tunamwita Glavu, kwa sababu hata chai anainywa na glavu nyeupe mikononi. Alingoja makofi yaishe. Hayakuwa mengi.

"Thibitisha," akasema. "Jumamosi. Bila kuchana. Ukishindwa, tunalifungua hapahapa kwa mkasi wa jikoni, na wewe tunakufuta chamani."

Hapo ndipo tulipoachana. Basi nisikilizeni sasa.

Kuona ndani ya kitu bila kukifungua? Nilizunguka na swali hilo mpaka nikapaka bango la kinyozi jina la duka la viatu. Kisha nikamkumbuka mchumba wangu. Anafanya kazi chumba cha eksirei, hospitalini.

Najua. Mchumba hakumbukwi kwa mtindo huo.

Jioni alipokuja kutusalimia nyumbani kwa Shangazi, ambako nimepanga chumba kwa masharti ya kutosahau kwamba ni kwa Shangazi, sikumpa hata nafasi ya kumaliza chai.

"Naomba unipigie picha."

"Umeumia wapi?" akashtuka.

"Si mimi. Boksi."

Akaweka kikombe chini. "Hapana."

"Hata sababu hujaisikia!"

"Hapana yangu haisubiri sababu."

"Mbona uwanja wa ndege mizigo inapigwa picha?"

"Basi kapande ndege."

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, binti huyu ana akili. Kwako sijui anafuata nini."

"Shangazi, haya ni mambo ya heshima."

"Heshima ya nani? Boksi limekalia kiti changu, mimi nimekalia ndoo!"

Kweli alikuwa amekalia ndoo. Lakini kiti kile ndicho pekee kisichopigwa na jua, na nailoni ikipigwa na jua hujikunja. Nilishamweleza hilo mara nyingi, na kila mara hunitazama kama mtu anayesomewa tangazo la dawa ya mende.

Mchumba wangu akawa analiangalia boksi. "Hivi hiyo gemu," akauliza taratibu, "hujawahi hata kutamani kuicheza?"

"Kuicheza?" Nikacheka kwa dharau. "Wewe unamwuliza mtunza makumbusho kama amewahi kukikalia kiti cha mfalme?"

"Namwuliza mchumba wangu."

"Watu wazima hawachezi."

Halafu akasema kitu cha ajabu. "Basi lifungue leo. Hapa, tukiwa watatu tu. Litakalotokea tutacheka, na yataisha."

"Bora nifunguliwe mimi!"

"Haya," akasema, akaibeba pochi yake. Chai ikabaki.

Mwanamume wa kawaida angejiuliza. Mimi nilikuwa natafuta kina cha neno "hospitali".

Jumamosi asubuhi nikalifunga boksi kwa shuka, nikalibeba kifuani, nikaenda mwenyewe. Benchi la nje ya chumba cha eksirei lilikuwa limejaa. Mzee mmoja mwenye mkono shingoni akalitazama shuka langu kwa huruma.

"Kapatwa na nini, baba?"

"Mikono."

"Maskini. Yote miwili?"

"Yote. Ya kushoto."

Mzee akasogea, akawagusa wenzake, wakanipisha wote mpaka mbele. Niliwashukuru. Nilivyofundishwa adabu, mtu akikupisha hujibizani naye.

Mlango ukafunguliwa, mchumba wangu akatokea ndani ya sare yake. Aliponiona, rangi ikamtoka.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nikapande ndege. Nimekosa tiketi."

"Rudi nyumbani. Nakuomba. Nikitoka kazini nina jambo la kukwambia."

"Niambie huku unapiga picha."

Nyuma yake ikasikika sauti nene: "Kuna nini hapo?" Alikuwa msimamizi wake, mama mpana anayeitwa Bi Mkubwa na wauguzi mpaka madaktari. Nikamweleza kila kitu, kuanzia kiwanda hadi kiti cha Shangazi. Nilitegemea anifukuze. Macho yakamng'aa.

"Mikono miwili ya kushoto? Mimi katika chumba hiki nimeona mtu aliyemeza funguo za mwajiri wake. Lakini hilo bado. Lete."

"Bi Mkubwa," mchumba wangu akaingilia, "kuna wagonjwa nje."

"Si wamempisha? Lete, baba."

Akanivika aproni ya risasi ya kukinga mionzi, nzito kama deni la mtu mwingine, akanisukumia nyuma ya ukuta wa kioo. Boksi likalazwa mezani. Bi Mkubwa akashika kitufe, na kwa mazoea ya kazi akaliambia boksi kwa sauti ya juu:

"Vuta pumzi! Zuia!"

Mimi ndiye niliyezuia. Mchumba wangu alikuwa amegeukia ukutani.

Picha ikaja. Bi Mkubwa akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia. Akavaa miwani. Akaivua.

"Kijana," akasema, "mgonjwa wako hana mkono hata mmoja."

Nikasogea. Hapakuwa na shujaa, medali wala diski. Katikati ya boksi langu, li hai, nailoni safi isiyo na mkunjo, kulikuwa na nusu tofali. Pembe zake zilionekana, hata lile bonde la katikati ambamo fundi huweka saruji.

"Pole," Bi Mkubwa akasema. "Kupumua, unaweza sasa."

Sikulia. Niliwaka. Boksi lile nililipata mikononi mwa Glavu mwenyewe. Nilimpa maboksi yangu matatu mazuri, akanipa hilo moja mbele ya wanachama wote, tukapeana mkono, wake ndani ya glavu. Kumbe ndiyo maana ya glavu! Mwizi asiyetaka kuacha alama za vidole!

"Twende nyumbani," mchumba wangu akanishika mkono wa shati. "Tafadhali. Lile jambo..."

"Litangoja. Kwanza kuna mtu nakwenda kumzika akiwa hai."

Nikaichukua picha, nikalibeba boksi, nikatoka. Yule mzee wa benchi akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia ni tofali. Akawageukia wenzake: "Mnaona? Haya magonjwa ya siku hizi."

Chama chetu hukutana ghorofani, juu ya duka la magodoro. Chumba kizima kinanuka sponji mpya. Wanachama walikuwa wamekaa mduara, kila mmoja na boksi lake mapajani, kama akina mama siku ya kliniki. Nilipoingia nikihema, mchumba wangu nyuma yangu na sare yake ya hospitali, mazungumzo yakakatika.

"Tulidhani umekimbia," Glavu akasema, na mkasi wa jikoni uko mezani, umeshanolewa.

Sikumjibu kwa maneno ya kawaida. Shairi nilikuwa nimelitunga njiani:

*Glavu zako ni nyeupe,*
*moyo umejaa kupe,*
*acha hila, usikwepe,*
*ulilonipa ni jiwe!*

"Ni nini?" Daktari wa Meno akauliza. Huyu ni mwanachama wetu msomi, na mzito kidogo wa sikio.

Nikaibandika picha dirishani. Jua likapita. Nusu tofali likajitokeza waziwazi, pembe zote.

Wanachama wakakumbatia maboksi yao.

"Sikukupa hicho," Glavu akasema polepole. "Naapa. Nilikupa boksi zima."

"Ulijuaje ni zima? Ulifungua?"

Nikawageukia wengine. "Ndugu zangu! Ni nani humu ambaye hakuwahi kubadilishana na mtu huyu? Hakuna! Basi huenda sote tumepakata matofali. Mashine ipo. Mama wa pale ni mkarimu. Twendeni sasa hivi, tuyapige picha yote!"

Hakuna aliyeinuka.

"Wewe," nikamnyooshea kidole Daktari wa Meno. "Kila siku unapiga watu picha za magego. La kwako je?"

"Langu liko sawa."

"Umejuaje?"

"Nahisi."

"Picha itakuhakikishia."

"Picha ya nini tena," akasema, akilivuta boksi tumboni, "na mimi nimeshakwambia nahisi?"

Mwingine akadai nyumbani ana wageni. Mwingine alisingizia mguu. Mtu mmoja karibu na mlango wa choo, mwenye maiti yake, akaanza kucheka peke yake, na ikabidi anyamazishwe.

Nikaelewa. Hawakutaka kujua. Watu wazima na kazi zao, mmoja ana digrii ukutani, walikuwa radhi kupakata matofali hadi uzeeni mradi nailoni ing'ae. Damu ikanipanda kichwani. Nikaunyakua mkasi.

"Jamani!" Glavu akapiga kelele.

Lakini sikwenda kwenye boksi langu. Nilikwenda kwenye lake, lile kubwa linalokaa katikati ya meza juu ya kitambaa cha mahameli, *Daraja la Moshi* kama langu, ambalo hata mke wake haruhusiwi kupiga chafya karibu nalo. Nikachoma. Nailoni ikalia *chwaa*. Nikafunua kifuniko kwa mkono mmoja.

"Tazameni tofali la mwizi!"

Wakatazama. Nami nikatazama.

Ndani kulikuwa na diski. Kulikuwa na ramani imekunjwa vizuri, medali kwenye kikasha, kitabu, cheti. Na katikati, amelala kwenye sponji yake, shujaa amevaa deraya, mikono imekunjwa kifuani.

Yote miwili ya kushoto.

Lulu tuliyokuwa tukiiota ilikuwa juu ya ile meza siku zote. Na mimi ndiye niliyetoka kuiua, kwa mkasi wa jikoni, mbele ya mashahidi.

Glavu alipiga magoti chini ya meza, akaanza kuokota vipande vya nailoni, kimoja kimoja, akijaribu kuviunganisha. Kisha akavua glavu, mara ya kwanza tangu nimjue, akajifuta nazo macho. Vidole vyake vilikuwa vya kawaida kabisa. Sijui nilitegemea nini.

"Mfuteni," mtu akasema. "Mfuteni sasa hivi!"

"Ngojeni kwanza." Alikuwa Daktari wa Meno. Alikuwa amelishika boksi langu, amelisogeza puani. "Kama mwenyekiti si mwizi, hili tofali limeingiaje? Nailoni hii si ya kiwandani. Angalieni mshono wa pembeni. Wa kiwandani ni laini. Huu una mistari midogo imelala pamoja, kama meno ya kitana." Akapitisha ukucha juu yake, ukatoa mlio mdogo. "Mshono huu naujua. Ni wa mashine ya kufungia vifaa vilivyochemshwa. Koleo zangu nazifunga hivihivi. Mashine hizo ziko kliniki za meno." Akainua macho. "Na hospitalini."

Macho ya chumba kizima yakaondoka kwangu, yakatua kwenye sare iliyosimama nyuma yangu.

Nikageuka.

"Nilitaka kukwambia nyumbani," mchumba wangu akasema. "Mara mbili nimejaribu."

"Umemwiba shujaa wangu?"

"Sijamwiba. Yupo, na kila kitu chake kipo. Tofali nililiweka uzito usipungue, maana ukipita tu pale sebuleni lazima ulinyanyue boksi, kama mtu anayepima mtoto."

"Ulichana nailoni!"

"Nilifungua gemu. Gemu inachezwa."

Chumba kikaguna kana kwamba ametukana mbele ya wakwe.

"Ukaicheza?" nikauliza.

"Nimeimaliza."

Hapo ndipo nilipotegemea wamrukie. Badala yake nikasikia kiti kimoja kinaburuzwa mbele kidogo. Halafu kingine. Daktari wa Meno akakohoa.

"Samahani, dada," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka aonekane anakihitaji. "Inaishaje?"

"Usimjibu!" nikafoka.

Lakini hata Glavu alikuwa ameinua kichwa kutoka chini ya meza.

"Daraja linaungua," mchumba wangu akawaambia, na uso wake ukabadilika. Nilimjua binti yule kwa posa, kwa chai na kwa ugomvi. Uso ule ulikuwa mgeni kwangu. "Unafika ukingoni, usiku mzima unatafuta njia. Hakuna njia. Ndipo unagundua kwamba kuna kamba, na lazima mtu aishike upande huu, mwingine avuke, halafu yule aliyevuka aishike naye amvute mwenzake. Na ukiiachia katikati, anaanguka. Tulianguka mara nyingi. Siku tuliyovuka nililia, jamani. Nililia kweli."

Mtu fulani nyuma akapenga kamasi.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye neno moja.

"Tulianguka?" nikauliza.

Akaanza kunyoosha pindo la sare yake.

"Umesema tulianguka. Tulivuka." Mkasi ulikuwa bado mkononi mwangu; nikauweka mezani. "Daraja hilo halivukwi na mtu mmoja."

"Halivukwi," akakubali.

"Basi kamba upande wa pili alishika nani?"

Akanitazama kwa namna ambayo wiki nzima hii najaribu kuipatia mizani na vina, na inanishinda. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Lakini aliyejibu hakuwa yeye.

"Mimi," sauti ikasema mlangoni.

Wote wakageuka kuona ni nani, isipokuwa mimi. Sauti ile sikuhitaji kuiona; ndiyo inayonidai kiti chake kila siku.